Majina Chini ya Plasta

Nyumba ya sista ilikuwa na vitanda sita na kabati moja la chuma lenye kufuli mbili. Ufunguo wa kwanza ulikaa kwa sista, ndani ya mfuko wa sweta yake. Wa pili ulikaa kwangu, kwa kamba ya kiatu, shingoni, chini ya nguo. Hivyo ndivyo serikali ilivyotaka. Ile dawa kali ya maumivu, mofini, haikuruhusiwa kutolewa na mtu mmoja. Wawili wafungue, wawili watazame ikipimwa, wawili watie sahihi. Mimi niliyeishia darasa la pili ndiye niliyekuwa sahihi ya pili.

Watu wa Kitengela walipaita "kwa sista" na kumaliza. Ni kwa leseni tu, ile iliyotundikwa sebuleni ndani ya fremu ya kioo, ndipo paliitwa hospisi. Sista alikuwa amefanya kazi ya uuguzi Nairobi hadi akastaafu, akaja akajenga kwa ploti yake nyuma ya barabara ya Namanga, miaka ya tisini, wakati Kitengela ilikuwa nyasi zaidi kuliko mabati na swara walikuja hadi kwa kamba ya kuanikia nguo. Aliwachukua wale ambao familia zao zimeshaambiwa, mpelekeni tu nyumbani. Hakuwaponya. Aliwaosha, aliwatuliza, na walipoondoka waliondoka bila kulia kwa uchungu.

Mimi nilifika huko kwa sababu ya binti yangu. Alifia kwa chumba changu cha kupanga karibu na kichinjio, na wiki zake za mwisho sista alikuwa akija kwa miguu na chupa ndogo ya dawa ndani ya kikapu. Hiyo ilikuwa kabla masharti ya kufuli mbili hayajaletwa. Tulipomaliza kuzika nilienda kurudisha ile chupa, nikamkuta sista peke yake na wagonjwa wanne na mlima wa mashuka. Nikakunja mikono ya sweta. Nilienda kurudisha chupa, na nilirudi kwangu siku ya tatu, kuchukua nguo.

Kabla ya hapo nilikuwa mchuuzi wa vitunguu. Nilipanda malori hadi Kimana, mara nyingine nikafika Illasit, na huko ndiko nilikookota Kimaasai changu cha sokoni. Kwa vile sikuwa mtu wa kalamu, majina ya watu yalinikaa kichwani. Yako huko hadi leo. Mtu aliyenipimia gunia la kwanza Kimana, najua jina lake, la babake na la mbwa wake. Lakini hapa sitaandika jina la mtu, wala la mbwa, na sababu nitaisema.

Ule ufunguo ulinifunga mimi kuliko ulivyofunga kabati. Jina langu lilikuwa limepelekwa Kajiado, ofisi ya afya ya wilaya, kama mtu wa pili. Kama siko, kabati halifunguki. Kakangu alipofariki Murang'a sikwenda kumzika. Nilipiga hesabu ya kwenda na kurudi, nikaangalia saa za dawa zilizoandikwa ukutani, nikakaa. Watu wetu walisema nimekuwa mzungu. Nilikuwa nimekaa kwa kiti jikoni na kamba shingoni, kama mbuzi.

Pamoja na kabati kulikuwa na rejista. Kitabu kikubwa cha jalada la buluu: jina la mgonjwa, umri, alikotoka, siku aliyoingia, dawa aliyopewa, maneno ya mgonjwa mwenyewe kabla ya dawa, na mwisho kabisa, siku aliyotoka na alivyotoka. Karibu wote walitoka kwa njia moja. Sista alikuwa mtu wa kanisa. Kila asubuhi baada ya uji alisimama katikati ya ile nyumba, akafungua rejista, akasoma majina kwa sauti, ya walio vitandani na ya waliokwenda, halafu akaomba. Alisema asiyetajwa amesahaulika. Mimi niliona ni vizuri. Jina la binti yangu liliandikwa ukurasa wa kwanza, na kila asubuhi nililisikia likipita.

Kijana wa kwanza wa Kimaasai aliletwa na mama yake kutoka upande wa Bisil. Uvimbe ulikuwa umemla paja. Huyo mama alikuwa mrefu, mkavu, wa rika langu, na Kiswahili chake kilikuwa kama Kimaasai changu, cha kununua na kuuza. Ni mimi niliyemwuliza maswali ya rejista na kumtafsiria sista majibu, kwa hivyo jina la kijana lilipita mdomoni mwangu kabla ya kufika kwa kitabu. Alikaa nasi wiki tano. Dawa ilimpa usingizi, akawa anacheka kidogo na mwalimu mstaafu wa kitanda cha mlangoni. Halafu akaenda, mchana, bila vita. Mama yake akamfunika, akatushukuru, akaondoka naye.

Baada ya miezi kadhaa alirudi na kibuyu cha maziwa. Alikuja asubuhi, na hakuingia. Nilipotoka kumwaga maji ya uji nilimkuta ameketi chini kwa veranda, kibuyu kati ya magoti, shuka ameivuta hadi masikioni. Ndani, sista alikuwa anasoma.

"Takwenya," nikamsalimu.

"Iko." Aliitika kwa sauti ndogo. Halafu akauliza, "Mnafanya hivyo kila siku?"

"Kufanya nini?"

"Mnamwita." Aliinua kidevu kuelekea mlango. "Kila siku mnamwita. Akija, mtamwambia nini?"

Nilikuwa nimesikia kwa soko la Bisil kwamba kwao, aliyekufa jina lake haliitwi tena, na kwamba watu wa boma hulipita kama unavyopita shimo njiani. Nilijua kama mtu anavyojua habari za jirani. Sikuwa nimelifikiria hata siku moja nikiwa nimesimama pale na sufuria.

"Hatutamwita tena," nikamwambia.

"Kitabu chenu kinamwita. Kila mkikifungua."

"Hata kitabu hakitamwita."

Alinitazama sana, kama anayepima kamba kabla ya kuteka maji. Halafu akanipa kibuyu.

Siku hiyo, sista alipolala kidogo baada ya chakula, nilichukua plasta, ile nyeupe ya kufungia vidonda, nikakata kipande cha urefu wa kidole, nikafunika jina la yule kijana, kwa mstari niliomwona sista akiuandika. Nilikilaza vizuri, nikakipitishia ukucha pembeni. Kesho yake sista alifika hapo akasoma, akakwama, akaniangalia juu ya miwani.

"Ni nini hii?"

"Ni heshima, sista. Ya watu wake."

Alifikiria. "Haya. Lakini mkaguzi akija, wewe ndiye utasema."

Walipokuja wengine wa Kimaasai, wa Isinya, wa Bisil, mmoja wa mbali kule karibu na Namanga, niliziuliza familia mwenyewe. Wengine, hasa wa kanisa, walisema someni tu, hakuna shida. Wengine waliniangalia kama yule mama. Kwa miaka ile ikawa plasta saba. Mkaguzi wa siku hizo alikuwa mzee mnene aliyekunywa chai, akaangalia choo, akatikisa kufuli za kabati, akatia muhuri. Hakuwahi kurudisha ukurasa nyuma. Nikazoea. Mtu huzoea kosa lake likikaa sana bila kuulizwa.

Yule mama wa Bisil alipofika mara ya tatu alikuja amelala. Walimleta kwa pikapu siku ya soko, kati ya mbuzi. Titi la kushoto lilikuwa limekuwa kidonda, na mfupa wa mgongo umeshaguswa. Tulimlaza kitanda cha dirishani. Maumivu yake hayakuwa ya kupiga kelele. Aliuma shuka. Dawa ilipoingia mara ya kwanza, meno yaliachia kitambaa polepole, akafungua macho, akanitambua.

"Mwanangu bado amelala?" akauliza.

"Bado amelala," nikasema.

Mwaka huo huo mzee wa chai alistaafu. Aliyekuja mahali pake alikuwa kijana wa kutoka magharibi, shati limepigwa pasi mpaka kwa kola, viatu vimejaa ule udongo mweusi wa Kitengela unaoshika kama deni la damu. Alivivua mlangoni bila kuambiwa, akaingia na soksi. Nikamheshimu kwa hilo. Alipita kitanda kwa kitanda, akiwasalimu.

Mwalimu wa kitanda cha mlangoni, ambaye alikuwa ametushangaza wote kwa kukataa kufa, akamwambia, "Afisa, nihesabu mara mbili. Nilipaswa kuwa nimeondoka tangu mwaka juzi."

"Mwalimu, wewe nitakuandika kama mali ya kudumu," kijana akajibu, na hata yule mama wa dirishani alitabasamu ingawa hakuelewa.

Halafu akaomba rejista, akaketi nayo meza ya kulia, na akaanzia ukurasa wa kwanza. Nilikuwa nachambua maharagwe. Nilisikia karatasi zikigeuka, zikigeuka, zikanyamaza.

"Shosho," akaniita, kama mjukuu anavyomwita nyanya yake. "Hii plasta ni ya nini?"

Nikamweleza kama nilivyoweza. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikata.

"Naelewa," akasema. "Sasa wacha niseme yangu. Kuna nyumba nyingine, siitaji, ilikuwa na leseni kama hii. Watu wanaingia, wanakufa, hakuna anayejua ni akina nani. Dawa imeandikwa imepewa mgonjwa, kumbe mgonjwa amezikwa mwezi uliopita na dawa inauzwa kwa watu wa mitaani. Walificha vipi? Walifuta majina. Sasa mimi nikifungua kitabu nipate majina saba yamefunikwa, na mbele ya kila moja kuna mofini, utaniambia niandike nini kwa ripoti?"

Alikuwa na haki.

"Si tutoe tu," sista akasema kutoka kwa mlango. Alikuwa amekuwa na rangi ya jivu.

Kijana akashika ncha ya plasta ya kwanza, ile ya mwana wa Bisil, akavuta. Nilinyoosha mkono kumzuia nikachelewa. Plasta ilikuwa imekaa miaka. Ilitoka na karatasi yote, wino na kila kitu, ikaacha dirisha kwa ukurasa. Ulikuwa unaona meza kupitia kwake. Akajaribu ya pili, taratibu, na maji kidogo kwa kidole. Wino ukageuka wingu.

Akaacha. Akaweka mikono magotini.

"Sista, unayakumbuka?"

"Mimi hukumbuka ugonjwa," sista akasema. "Majina anayakumbuka huyu."

Wote wakanigeukia, na mwalimu pia kutoka kitandani. Nikaangalia maharagwe.

Kijana aliandika notisi mbele yetu, akatusomea. Siku kumi na nne. Nipeleke Kajiado majina saba yaliyokosekana, wayalinganishe na vibali vya mazishi vilivyoko kwa machifu. Majina yakikubaliana, leseni itaendelea. Yasipopelekwa, leseni inasimama, dawa iliyobaki inachukuliwa, na wagonjwa wanahamishwa. Na hadi hapo hakuna chupa mpya.

"Sikufanya sheria, shosho," akaniambia akivaa viatu. "Na mimi niko na mtu juu yangu anaangalia kitabu changu."

Chupa iliyobaki ilikuwa imefika nusu. Dawa yenyewe ilitiwa rangi ya kijani ili isidhaniwe maji, kwa hivyo kila tulipofungua kabati niliona ile kijani imeshuka wapi. Wagonjwa watatu walikuwa wanaitumia, yule mama zaidi ya wote. Kuipata kwingine ilikuwa ni kwenda Nairobi, na kwa mgongo ule asingefika hata Athi River. Nje ya nyumba ile, alilokuwa nalo ni shuka ya kuuma.

Sista hakunigombeza. Hilo lilikuwa baya zaidi. Siku ya tatu alikuja jikoni akaketi kwa debe la unga.

"Niambie mimi tu. Nitaandika, nitapeleka, wewe hujasema kwa serikali."

"Nikikwambia nimemwita, sista."

"Basi tunga. Majina saba ya Kimaasai, nani atajua?"

"Vibali vitajua."

Halafu akasema, "Huyo kijana amekufa. Mama yake ndiye yuko hai, na ndiye anaumia. Nani unamlinda?"

Nilikuwa nimejiuliza hilo kabla yake. Nikitimiza ahadi, mama aliyepewa ahadi atakufa akiuma nguo. Nikiivunja, atapata dawa, na atajua imetoka wapi. Niligeuza huku, nikageuza huku, kama mtu aliye kwa choo cha mlango mmoja na nyoka ameketi mlangoni.

Mwishowe nilienda kumwuliza mwenyewe. Nilichagua saa ambayo dawa imemtuliza. Nikaketi chini kando ya kitanda ili asiniangalie juu, nikaanza, "Kuna wale wa serikali..."

"Nilisikia," akasema. "Kiswahili changu si kibovu hivyo."

"Sasa nifanye nini?"

"Usiniulize."

"Namwuliza nani?"

"Mtu yeyote. Mimi usiniulize." Alivuta pumzi, akangoja mgongo umruhusu. "Ukiniuliza nitataka dawa. Mimi ni mtu. Nikitaka dawa, ni mimi nimemtoa. Usinifanyie hivyo."

Akageuza uso dirishani. Nikaondoka hapo na mlango mwingine umefungwa.

Siku ya saba nilienda kwa mwalimu. Nikamwambia anikumbushe herufi. Nilijua za jina langu, kwa ajili ya sahihi, na chache za darasa la pili, lakini nyingine zilikuwa zimepotea na vitunguu.

"Unataka kuandika nini?" akauliza.

"Barua."

"Kwa mchumba?"

"Kwa serikali."

"Afadhali mchumba. Yeye hujibu." Lakini alinifundisha. Aliandika kwa kidole hewani, mimi nikaandika kwa penseli nyuma ya kalenda. Herufi za Kimaasai zinazofuatana vibaya, ol, en, ile n na k pamoja, zilinitoa jasho, na sikuweza kumwambia kwa nini nazitaka hizo. Nadhani alijua. Hakuuliza jina hata moja. Alipochoka alifumba macho na kusema, "Endelea, nakuona."

Siku ya kumi na mbili sista alimwomba mama mmoja wa kanisa, naye muuguzi, akae pale siku moja. Ufunguo wangu nilimpa sista, na sote wawili tukajua ni kosa, na hatukulizungumza. Dawa ilitakiwa saa sita. Nikaenda Kajiado.

Afisa alinipa kiti na karani wa kuandika. Karani akatayarisha kalamu. "Sema, mama."

"Sitasema," nikamwambia. "Nipe karatasi."

Kijana akaniangalia. Akamwashiria karani atoke. Nikavuta karatasi, nikatoa penseli yangu, nikaanza.

Ilinichukua kutoka saa nne hadi karibu saa nane. Majina saba na ya baba zao, herufi moja moja, na kila nilipoandika moja nilibana midomo isije ikaenda nayo. Mkono ulikufa ganzi. Watu waliingia, wakaambiwa wangoje nje, wakaguna. La mwana wa Bisil niliacha la mwisho. Nilipofika herufi yake ya kwanza nilisimama, na kijana hakunisukuma. Alisoma faili zake, au alijifanya. Nikafikiria saa sita imepita, na kijani imeshuka. Nikaandika.

"Soma nisikie kama ni sawa," akasema.

Nikatikisa kichwa.

Akavuta karatasi. Nikaona midomo yake inaanza kusogea, kama ya watu wote wanaosoma mwandiko mbaya. Nikanyoosha mkono wangu, nikauweka juu ya meza karibu na wake. Akafunga mdomo. Akasoma hivyo, kimya, kwa kidole, na vibali pembeni, hadi mwisho.

"Yamekubaliana," akasema. Akapiga muhuri. Halafu akaongeza kwa kalamu, kwa masharti, kwamba jina lolote ndani ya rejista lisifunikwe tena kwa kitu chochote. "Pole, shosho. Hilo lazima."

Nilirudi na karatasi ya kupatia chupa mpya na nikamkuta yule mama macho. Nadhani alikuwa amehesabu saa. Nilisimama pale miguuni pa kitanda.

"Umemwita," akasema. Hakuuliza.

"Sijafungua mdomo. Tangu asubuhi."

Alinitazama mkono. Penseli ilikuwa imenichafua kidole chote cha kati, nyeusi.

"Mkono wako una mdomo," akasema.

Saa ya dawa ilipofika alifungua kinywa na akameza. Lakini kijiko kilipokuwa mkononi mwangu alifunga kinywa. Ilibidi sista ampe. Tangu siku ile ikawa hivyo: chakula, maji, dawa, kuoshwa, kila kitu kwa mkono wa sista au kwa ule wa mama wa kanisa, aliyeendelea kuja. Na sheria ilitaka mimi niwepo kila chupa ikifunguliwa. Kwa hivyo nilifungua kufuli yangu, nikatazama ikipimwa, halafu nikarudi nyuma ya mlango ili asinione, nikangoja hapo hadi nisikie kijiko kimerudi kwa sahani. Sikuweza kukaa mbali na sikuweza kukaribia. Wiki sita. Sista naye aliacha kusoma majina asubuhi. Hakusema kwa nini. Hata la binti yangu sikulisikia tena.

Ilikuwa alasiri, upepo umejaza vumbi la barabarani kwa madirisha. Sista alikuwa ameketi kando ya yule mama na rejista magotini, mimi nimesimama kwa kizingiti, ufunguo mkononi, kwa sababu tulifikiri ataongezewa dawa. Pumzi yake ilikuwa imeanza kuruka. Akafungua macho. Akatazama, si sista, akanitazama mimi, na akalitaja. Jina la mwanawe. Mara moja, wazi, kama mama anavyoita mtoto aliye karibu tu na boma, ambaye hana haja ya kumpigia kelele.

Nyumba nzima ni mimi peke yangu niliyelijua.

Sista akainama. "Anasema nini? Anataka dawa?" Kalamu ilikuwa tayari kwa ile safu ya maneno ya mgonjwa. "Niambie niandike."

Yule mama bado ananitazama.

"Si dawa," nikasema. "Amesema maji."

Sista akaandika: maji. Nikaenda jikoni nikaleta kikombe, nikapiga magoti, nikaingiza mkono chini ya shingo yake nikamwinua. Akanywa kwa mkono wangu, kidogo, mengine yakashuka kidevuni. Nikampangusa. Halafu sista akanisogezea rejista, na nikatia sahihi yangu ya pili kando ya lile neno.